Ndoo Mbili za Athmani

Garsen,
10 Juni 2024

Mama Khairat,

Assalaam alaykum. Hunijui. Jina langu ni Istahil, mtoto wa Madogo, na mimi ndiye ninayekaa kwenye meza ya simu katika ofisi ya Mradi wa Mpunga hapa Garsen. Ukipiga simu ofisini, ile sauti inayosema "subiri nikuunganishe" ni yangu. Namba yako nimeijaribu mara nyingi, haipatikani. Kwa hiyo naandika, na barua nampa Siyad wa lori la soda, ambaye anasema anaijua nyumba yako kwa harufu ya mikate.

Ni habari ya marehemu mumeo, Mzee Athmani wa pampu za Kituo cha Chini.

Simu za ofisi yetu ni za zamani, zile nzito zenye taa nyekundu pembeni. Mtu akikuachia ujumbe wa sauti, taa inawaka. Ukiusikiliza mpaka mwisho, inazima. Ukiukata katikati, mashine inahesabu kwamba hujausikiliza, na taa inaendelea kuwaka. Simu ya stoo, namba kumi na tisa, imekuwa ikiwaka tangu mafuriko. Mtunza stoo aliyekuwapo, Khalid, aliacha kazi akaenda kuuza mbuzi Madogo. Aliyechukua nafasi yake alikuja kulalamika kwamba taa inamchokoza. Nikaenda kuizima.

Ujumbe ulikuwa wa mumeo, wa siku ile tuta lilipovunjika. Nimeusikiliza wote. Nauandika hapa kama nilivyousikia. Kiswahili cha Kipini ni kizito kwangu, nisamehe nilipokosea:

"Bwana Gershom, ni Athmani, Kituo cha Chini. Ndoo. Ndoo, bwana, ndoo. Mai yamevunda tuta. Ndia ya gari haipo tena. Ndoo na boti. Vibarua wako yuu ya paa na wana wao. Dorothy wa Gunga guu limevundika, hawezi kupanda. Niko naye tini. Simwati. Ndoo hima."

Mawili yamenishinda. Kwanza, mtu aliyezungukwa na maji ataomba ndoo za nini? Pili, huyo Simwati ni nani? Katika majina ya vibarua wa kituo hayumo. Kama alikuwa nao mwishoni, huenda yu hai na anaweza kusema alichokiona.

Hapa ofisini inasemwa kwamba Mzee Athmani alikiacha kituo bila kumwarifu mtu. Nimeona ni haki yako kujua kwamba aliarifu.

Wako,
Istahil


Kipini,
14 Juni 2024

Binti yangu Istahil,

Waalaykum salaam. Simu yangu nimeizima tangu watu wa Ngao, kijiji cha wale vibarua, walipoipata namba. Walikuwa wakinipigia kuniuliza mume wangu alikimbilia wapi. Barua ni afadhali. Mwenye kutaka kunitukana kwa barua itabidi anunue karatasi.

Mume wangu hakuomba ndoo. Nyinyi mkimwita mtu husema "njoo". Sisi twasema "ndoo". Mai ni maji, ndia ni njia, tini ni chini. Chukua ulichoandika, usome tena.

Na Simwati si mtu. Ni neno. Wewe ungesema "simwachi".

Nilipofika hapo nikaufunika moto wa mofa, mikate ikabaki mibichi. Baadaye nikauwasha tena, kwa sababu wateja wachache niliobaki nao hawana kosa.

Sijui huko ofisini mnajua kiasi gani, basi nikueleze. Boti ya watu wa Ngao ilifika kituoni kesho yake, ikawateremsha waliokuwa juu ya paa. Wale walisema mvua ilikuwa kubwa, chini hawakuona kitu, na mtumbwi wa kituo haukuwepo. Dorothy alikutwa ndani ya chumba cha pampu, amekufa. Athmani alikutwa huku chini, karibu na Ozi. Watu wakaunganisha: mtumbwi hakuna, mzee yuko mbali, basi alipanda mtumbwi akamwacha mwanamke mwenye mguu uliovunjika. Gunga, mume wa Dorothy, alikuja mpaka mlangoni kwangu. Hakupiga kelele. Alisema, "Mama, nilitaka tu niione nyumba ya mtu wa namna hiyo." Tangu siku hiyo hata jirani anapita upande wa pili.

Kisha kuna hili, ambalo huenda hulijui. Matanga yalikuwa bado hayajaanuliwa alipokuja mtu wa pikipiki kutoka ofisini kwenu. Akateremsha ndoo mbili za plastiki, za manjano, mpya, zenye jina la Mradi. Akasema, "Ni zile alizoomba mzee. Kituo hakipo, nimeambiwa nizilete nyumbani." Nikadhani ndiyo rambirambi ya watu wasiofunzwa adabu. Nikazipokea.

Sasa niambie huyo Bwana Gershom aliyeitwa ni nani, na kama ndiye aliyetuma ndoo. Nataka jina kamili. Mengine niachie.

Khairat binti Ishaq


Garsen,
18 Juni 2024

Mama Khairat,

Nimesoma tena. Nimeelewa. Sikuweza kufanya kazi mpaka mchana.

Ndiye. Jina kamili ni Gershom Mwaringa, meneja wa mashamba. Simu yake ni namba kumi na mbili.

Nakueleza kama ilivyokuwa, bila kuongeza. Simu ya kituo ilikuwa ya ndani tu, haiwezi kupiga nje, na siku ile mtandao wa rununu ulikuwa umekatika. Kuna amri kwamba vituo vikiwa na habari ya maji vimpigie Bwana Gershom peke yake, visipitie kwangu. Aliitoa mwaka jana baada ya kusema kwamba mimi nazusha hofu. Siku ile alikuwa na wageni, simu ameiweka isilie. Mzee akaingia kwenye kisanduku cha sauti.

Mkutano ulipokwisha, Bwana Gershom akasikiliza mwanzo wake, kisha akaufowadi stoo. Kufowadi kwa mashine yetu ni hivi: ukiwa unasikiliza unabonyeza kitufe, mashine inakuambia useme maneno yako, unasema, halafu unapiga namba ya unayempelekea. Maneno yako yanatangulia, ujumbe wenyewe unafuata nyuma, na kwako haubaki. Maneno aliyotanguliza ni haya:

"Khalid, yule mzee wa Kituo cha Chini ameanza tena na Kiswahili chake. Anataka ndoo. Mpe mbili, asije akasema tunambania."

Kisha anacheka, na anaendelea kucheka mpaka mashine inamkata.

Khalid alimsikia meneja, akaona agizo amelipata, akaweka simu chini. Ndiyo maana taa haikuzima. Mama, mumeo hakusikilizwa na mtu hadi mwisho. Wa kwanza ni mimi, na mimi sikuelewa.

Ripoti ya mafuriko itasomwa hadharani mwezi ujao katika ukumbi wetu. Anayeiandika ni Bwana Gershom. Nimeiona rasimu. Inasema: "Mtumishi wa Kituo cha Chini alikiacha kituo bila kutoa taarifa." Nikimfowadia ujumbe huu leo, itabidi aifute sentensi hiyo. Niruhusu nifanye hivyo.

Istahil


Kipini,
22 Juni 2024

Binti yangu,

Usimpelekee kitu. Wala usimguse.

Akiifuta sentensi, nani atajua kwamba iliwahi kuandikwa? Ripoti itanyamaza, Ngao wataendelea kusema alikimbia, na Gershom atakwenda zake nyumbani kula. Sitaki afute. Nataka aisome, kwa mdomo wake, neno kwa neno, Gunga akiwa amekaa mbele.

Nimemwandikia. Nakala ndiyo hii, na halisi yake utaipokea kwa Siyad. Iweke mezani kwake kama barua nyingine yoyote.

Khairat


Kipini,
22 Juni 2024

Kwa Bwana Gershom Mwaringa,
Meneja wa Mashamba,
Garsen.

Bwana,

Salaam nyingi. Mimi ni mjane wa Athmani wa Kituo cha Chini. Nimechelewa kushukuru, na aibu ni yangu. Ndoo mbili zilifika. Ni nzuri, hazivuji. Moja naweka unga, moja nachotea maji.

Ila nina dukuduku. Kitu kilichokuja kwa ajili ya marehemu, sipendi kukitumia bila kujua kimefikaje kwangu. Nakuomba, kwa hisani yako, uniandikie ni nani aliyeziomba ndoo hizi, aliziomba kwa njia gani, na ni nani aliyeamua zitumwe. Ningependa kumtaja mtu huyo kwa jina mbele ya watu.

Mimi mama mtu mzima nisiyejua mambo ya ofisi,
Khairat binti Ishaq


Mradi wa Mpunga,
Garsen,
1 Julai 2024

Bi. Khairat,

KUH: NDOO MBILI ZA PLASTIKI

Pokea kwa mara nyingine rambirambi za Mradi.

Barua yako imenigusa. Katika kazi hii si mara nyingi mtu huandika kushukuru. Nathibitisha kwamba ndoo hizo ziliombwa na marehemu mwenyewe, kwa ujumbe wa sauti aliouacha katika simu yangu siku ya mafuriko. Ingawa nilikuwa na wageni, ombi lake nililishughulikia mara nilipolipata, nikalielekeza stoo mimi mwenyewe. Ofisi yangu haipuuzi ombi la mtumishi, hata likiwa dogo kiasi hicho.

Kwa masikitiko, kuhusu hali ya maji marehemu hakutoa taarifa yoyote, jambo ambalo ripoti yetu italieleza. Naomba familia isilichukulie kama lawama. Ni utaratibu tu.

Unakaribishwa katika mkutano wa kusomwa kwa ripoti tarehe 23 Julai. Ukipenda kunitaja siku hiyo, nitaona fahari.

Wako mwaminifu,
Gershom Mwaringa
(Sahihi na mhuri)


Kipini,
5 Julai 2024

Binti yangu Istahil,

Amejibu, na mhuri amepiga. Ataona fahari.

Nakwambia kilichonikera. Mimi nilijiandaa kupambana na mwongo. Nilidhani alisikia habari ya maji, akaogopa, akaificha. Kumbe hajui. Hata leo hajui. Alimsikia mume wangu akiita, akacheka, akaridhika. Nimelala na jambo hilo, nimeamka nalo, na nimeona kwamba mwongo ningemsamehe mapema zaidi. Mwongo angekuwa amemsikiliza.

Tena huyu ni Mgiriama. Kwao humwita mtu "ndzo". Kama angemsikiliza Athmani kwa masikio aliyopewa na mama yake, angeinuka kitini palepale. Alimsikiliza kwa masikio ya ofisi.

La pili. Siyad ni mtu wa maneno mengi, soda zikipungua njiani maneno huongezeka. Ameniambia Khalid wa stoo ni mtoto wa mama yako mdogo. Umeniandikia juu ya Khalid mara mbili na hukunitajia. Naelewa kwa nini. Yeye simdai kitu. Aliambiwa atoe ndoo, akatoa ndoo.

Sasa nifundishe. Gershom aliupeleka ujumbe kwa simu moja. Je, mtu anaweza kuupeleka kwa simu zote?

Khairat


Garsen,
10 Julai 2024

Mama Khairat,

Ni kweli, Khalid ni mtoto wa habaryar wangu. Niliogopa ukijua ungenifikiria vingine. Nilimpigia nikamwambia kilichokuwa nyuma ya yale maneno ya meneja. Akasema ana mbuzi wa kupakia. Hajanipigia tena.

Jibu la swali lako ni ndiyo. Kuna namba moja ya kundi, naijua mimi kwa sababu ya kazi yangu. Ukiufowadi ujumbe kwa namba hiyo, unaingia kwenye kila simu ya ofisi, pamoja na ile ya ukumbini yenye spika, inayokaa katikati ya meza kubwa. Taa zote zitawaka. Na kila mtu akifungua, atasikia kwanza maneno ya aliyetuma mwisho, kisha maneno ya Bwana Gershom, kisha Mzee. Mashine hailitupi neno la mtu. Kila anayefowadi anaongeza mbele, hapunguzi nyuma.

Usikawie zaidi ya siku ya mkutano. Simu mpya zimekwisha kufika, fundi atazifunga wiki hiyohiyo. Hii mashine ikizimwa, sauti zote zilizomo zimekwenda.

Nakuuliza kwa mara ya mwisho, mama. Nikigonga mlango wake sasa hivi nikamwambia "Bwana, sikiliza hadi mwisho", jina la Mzee litarudi bila mtu kuanguka. Mimi nitaendelea kukaa mezani kwangu. Ukifanya unavyotaka wewe, wataniuliza ni nani mwingine aliyeijua namba ya kundi, na hakuna. Silalamiki. Nataka tu ujue unanunua nini na kwa nani.

Istahil


Kipini,
13 Julai 2024

Binti yangu,

Nimekuelewa na sitakudanganya. Nataka aanguke.

Kama hutaki, niandikie neno moja nami nitatafuta njia nyingine, na wewe hutasikia kwangu ubaya wowote. Usipoandika, nitafika mezani kwako asubuhi ya mkutano, kabla watu hawajaja. Utabonyeza wewe, maneno nitasema mimi.

Gunga nimempelekea salamu kupitia mchungaji wake. Nimemwambia: kama alitaka kuiona nyumba ya mtu wa namna hiyo, basi aje amsikie na mwenyewe.

Khairat


Garsen,
24 Julai 2024

Mama Khairat,

Uliondoka bila kupita kwangu. Najua palikuwa na watu wengi mlangoni, na najua mimi mwenyewe nilikuwa nimefungiwa chumbani kwa afisa wa utumishi. Basi naandika.

Nilichokiona ni hiki tu. Uliposhuka kwenda ukumbini nilibaki mezani. Taa zikawaka kwenye ubao wangu zote pamoja, kama zilivyopaswa. Watu wengi walikuwa ukumbini, kwa hiyo hazikuguswa. Nikasubiri. Kwa muda mrefu sikusikia kitu ila sauti ya Bwana Gershom akisoma. Halafu taa ya ukumbini ikaanza kumeta, maana yake ujumbe unachezwa. Ikazima. Kabla haijazima nilisikia kiti kikianguka. Ikameta tena, ikazima tena. Watu wakapanda ngazi wakikimbia, kila mtu chumbani kwake, na taa zikaanza kuzima moja baada ya nyingine. Nikajua wanasikiliza. Hakuna aliyekata.

Ya namba kumi na mbili haikuzima. Hata leo asubuhi nilipokuja kuchukua vitu vyangu ilikuwa inawaka.

Wameniachisha kazi. Barua inasema "matumizi mabaya ya mfumo wa simu". Nimeisoma, haina makosa ya tahajia, nimetia sahihi. Nitarudi Madogo nikamsaidie mama yangu mdogo dukani.

Niambie yaliyotokea ukumbini. Nimelipia, nami sikuona.

Istahil


Kipini,
28 Julai 2024

Binti yangu Istahil,

Una haki ya kuambiwa, nami nakuambia kama ilivyokuwa.

Nilikaa mstari wa pili, ndoo ya manjano miguuni. Gunga alikuwa mbele yangu, hakugeuka. Gershom alivaa suti. Aliisoma ripoti yote, na alipofika kwenye ile sentensi aliisoma polepole, kama mtu anayeheshimu msiba: "alikiacha kituo bila kutoa taarifa." Mmoja wa Ngao akasema kwa sauti, "Alikimbia, semeni alikimbia!" Gershom akainua mkono akamnyamazisha. Akasema, "Tuwe wastaarabu, mjane wake yuko nasi."

Ikafika zamu ya maswali. Nikasimama. Nikasema, "Bwana Meneja, mimi sina swali. Nilikuja kukutaja, kama nilivyokuahidi. Ndoo uliyonipa ndiyo hii." Watu wakacheka kidogo. Yeye akatabasamu, akainamisha kichwa. Nikasema, "Ila simu yenu hapo mezani inawaka taa tangu tulipoingia. Huenda kuna mtu anawaita."

Akasema, "Mama ana macho." Na mkono wake mwenyewe, Istahil, mkono wake mwenyewe ndio uliobonyeza spika.

Sauti yangu ndiyo iliyotoka kwanza. Unayakumbuka niliyosema, ulikuwa umenishikia mkonga wa simu: "Ni Khairat, mke wa Athmani. Sikilizeni mpaka mwisho. Ukikata, taa haizimi." Akanitazama. Bado alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa halina tena kazi. Kisha ikatoka sauti yake, na Kiswahili cha mzee, na mbili asije akasema tunambania, na kicheko. Ukumbi ule unavumisha sauti. Kicheko kilizunguka kuta zote.

Kisha Athmani.

Wa Kipini na Ozi waliokuwa nyuma walielewa mara moja. Nilisikia mmoja akisema, "Laa, awaita!" Wa Ngao walichelewa kidogo. Gershom aliinuka, akakiangusha kiti, akatoka kwa mlango wa pembeni "Niko naye tini" ikiwa bado haijasemwa. Ndiyo maana taa yake inawaka. Hakumaliza hata mara hii.

Gunga ndiye aliyegeuka. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Mama, Simwati ndiyo nini?"

Nikamwambia, "Simwachi."

Akasema, "Nani?"

Nikamwambia, "Mkeo."

Alikaa vilevile amegeuka, hata sikujua nitazame wapi. Halafu akauliza kama sauti ile inaweza kurudiwa. Karani akabonyeza, ikarudiwa. Wakati huu watu walivua kofia.

Kisha nikafungua barua yenye mhuri, nikaisoma. Nilipofika kwenye "ombi la mtumishi, hata likiwa dogo kiasi hicho", wakaniomba nisiendelee. Nikaendelea.

Kuhusu mtumbwi, mtu wa Ozi alisema aliukuta kwenye mikoko kamba yake imekatika, haikufunguliwa. Alikuwa amelisema hilo tangu mwezi wa tano, lakini halikuandikwa.

Sasa wewe. Nilijua nanunua kwa nani, nikanunua. Sitakuambia nasikitika, kwa sababu ingekuwa kesho ningefanya tena. Nitakuambia hivi: mwezi huu mikate nimeshindwa kuioka peke yangu. Jirani amerudi kupita upande wangu, na watu wa Ngao wananunua kwa fujo kama wanaolipa deni. Madogo haitahama. Ukimaliza kufungasha vitu vyako, ndoo.

Safari hii umeelewa.

Mama yako,
Khairat


Garsen,
6 Agosti 2024

Mama Khairat,

Siandiki kama meneja. Nimesimamishwa kazi, na hata kama nisingesimamishwa, nisingetumia mhuri tena kukuandikia.

Nilirudi ofisini jioni moja, kabla fundi hajaing'oa ile mashine. Nikafunga mlango nikasikiliza. Safari hii sikukata. Taa ya namba kumi na mbili imezima.

Nilikuwa nimemsikia akisema "ndoo", na nilikuwa na hakika nimeelewa. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote. Sikuwa na shaka hata kidogo. Mama yangu alikuwa akituita "ndzo" tukiwa uwanjani, nami nilimkimbilia kila mara.

Ripoti nimeiandika upya na kuikabidhi kwa waliochukua nafasi yangu. Sentensi ile sasa inasema kwamba Athmani alitoa taarifa, na kwamba mimi sikuisikiliza. Nimeweka jina langu. Binti Istahil nimemwombea arudishwe kazini, lakini neno langu huko halina uzito.

Nimebakiwa na ombi moja. Nataka kufika Kipini. Nataka nikae mbele yako niseme niliyokosa kwa mdomo wangu, na unionyeshe kaburi. Sitakaa sana. Siwezi kuja bila ruhusa yako. Nakuomba uniruhusu, hata kwa neno moja.

Gershom


Kipini,
12 Agosti 2024

Bwana Gershom,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma hadi mwisho.

Ripoti mpya imefika kwa Gunga. Ameibandika mlangoni kwake, upande wa nje. Basi hilo limekwisha, na sitakusumbua tena.

Ndoo moja nakurudishia kwa mkono wa Siyad. Imeoshwa. Ya pili nabaki nayo, ndiyo nachotea maji. Istahil amenishauri niitupe. Nimemwambia haivuji, nimtupie nani?

Umeomba uruhusiwe kuja, hata kwa neno moja. Ni kweli, huku kwetu mtu akitakiwa aje huambiwa neno moja tu. Mume wangu alikuambia mara nyingi. Wewe sasa unalijua kuliko mtu yeyote wa Garsen.

Mimi sikuambii.

Khairat binti Ishaq,
mke wa Athmani